Siku Tuliyovunja Zege la Mjomba

Daraja halipimwi kwa macho. Nasema hivi mapema kwa sababu nimechoka kuambiwa na watu waliovuka daraja miaka thelathini kwamba wao wanalijua. Wanalijua kwa nyayo. Mimi kazi yangu ni kulijua kwa chuma chake, kinavyovutika na kinavyobanwa, na nikishalijua naandika ripoti inayosema gari la tani ngapi lipite na la tani ngapi libaki ng'ambo. Hakuna anayenipenda kwa hilo. Zamani lilikuwa linaniuma, siku hizi hata sijishughulishi.

Daraja ninalotaka kulisema ni la kwetu, huko milimani, kwenye mojawapo ya njia za vijijini ukishaipita Bumbuli. Ni dogo. Mihimili minne ya chuma imelazwa kutoka ukuta wa mawe wa upande huu hadi ukuta wa mawe wa upande wa pili, na juu yake bamba la zege la kupitia magari. Nani alilijenga, hakuna ajuaye. Kwenye ofisi yetu ya barabara faili lake lilikuwa na karatasi mbili tu, na moja ilikuwa barua ya kuomba faili hilo lisipotezwe. Lakini kila kabichi, kila karoti na kila tenga la plamu linalotoka kijijini kwetu kwenda sokoni linapita hapo. Hakuna njia nyingine ya gari.

Ng'ambo ya daraja hilo ndiko alikonilea mjomba wangu, kaka wa mama, baada ya mama kufariki nikiwa darasa la pili. Mjomba alikuwa fundi muashi. Misingi ya nyumba, ngazi za kanisa letu la Kilutheri, makaburi yote yaliyosakafiwa vizuri pale juu, vyote ni mkono wake. Hakuwa na shamba la maana wala hakujaliwa mtoto wa kumzaa. Alikuwa na jina. Kijijini kwetu ukisema "fundi" bila kuongeza neno, watu walijua unamsema yeye na si mwingine. Jina hilo ndilo nililokwenda kumvua, na nitasimulia nilivyomvua bila kujipamba.

Alikuwa mkali, tena mkali kweli. Akimaliza ukuta aliupitia kwa kidole, jiwe kwa jiwe, na akikuta pengo aliniita hata kama nilikuwa jikoni. "Hili nani kaliacha? Usipoziba ufa utajenga ukuta!" Nami ndiye niliyekuwa nakoroga udongo, kwa hiyo jibu lilijulikana. Nilikua nikisikia methali hiyo mpaka nikaichukia.

Sasa, daraja lilikuwa na tabia ya kugonga. Ncha za mihimili zinakalia vibamba vya chuma juu ya ukuta, na zimeachiwa nafasi kidogo zijongee, maana chuma kikipata jua kinarefuka. Lori likipita, ncha zinaruka na kutua: kang! kang! Mchungaji anahubiri, huku linagonga. Watu wakaanza kuogopa. Wakaandika barua ofisini, kimya. Wakaandika ya pili, kimya. Mimi wakati huo nilikuwa chuoni, sikujua lolote. Ndipo mjomba akaitisha msaragambo, ile kazi ya kijiji ambayo kila kaya inatoa mtu. Jumamosi tatu mfululizo wanawake walipandisha mchanga wa mtoni kwa mabeseni, wanaume wakabeba mawe, naye akajaza zege katika kila nafasi aliyoikuta kati ya ncha za mihimili na ukuta. Alishindilia kwelikweli. Daraja likanyamaza. Wakasema fundi kaliponya, na ukweli ni kwamba hata mimi nilipokwenda likizo nilijisikia vizuri kuvuka daraja lililonyamaza.

Muashi yeyote wa kwetu angefanya hivyo hivyo. Sisi ni watu wa mteremko, tunaishi kwa kuzuia mawe yasiporomoke. Pengo kwetu ni ugonjwa. Ni nani angemwambia kwamba kuna pengo lililowekwa kwa makusudi?

Miaka ikapita. Malori ya kabichi yakawa makubwa kuliko yale ya zamani, ofisi ikashtuka, nikatumwa mimi. Nilifika na tipa lililojaa kokoto, limepita mizani na uzito wake naujua hadi kilo. Dereva wake alikuwa Mbondei wa Muheza mwenye mdomo mpana. Nilikuwa pia na mwenzangu wa vipimo, mama mkimya ambaye akisema neno ujue limemshinda kulimeza.

Kazi yenyewe iko hivi. Kwanza unalijenga daraja ndani ya kompyuta. Unaparua kutu, unapima unene wa chuma kilichobaki, unaingiza kila mhimili ulivyo, kisha unaitwika ile kompyuta lori na kuiuliza: litashuka kiasi gani katikati? Halafu unaliuliza daraja lenyewe. Unabandika chini ya mihimili vihisi vidogo kama stempu vinavyosoma chuma kinavyovutika, unalisimamisha tipa katikati, unasoma. Wakipatana, unaamini. Wakigombana, mmoja wao ni mwongo, na kazi yangu ni kumkamata.

Kompyuta ilikuwa imetoa habari mbaya. Kutu ilikuwa imekula mihimili mno, na kwa hesabu zake lori la kabichi lilikuwa linaipeleka karibu kabisa na mwisho wa nguvu zake. Nilikuja nikiwa na uhakika.

Kijiji kizima kilikuja kutazama. Mjomba alikuja amevaa koti lake la kanisani, akasimama mbele, akiwaambia watu, "Huyu nimemlea mimi." Tipa likaingia polepole, likasimama katikati. Nikatazama skrini. Daraja lilikuwa halijashuka hata nusu ya nilichotabiri. Nikamwambia dereva arudi nyuma, aingie tena. Vilevile. Mara ya tatu, vilevile.

"Dada," dereva akapaza sauti kutoka dirishani, "kompyuta yako ni mchawi, inalitakia daraja la watu mabaya!"

Wakacheka. Ningevumilia hilo. Lakini mjomba naye akasogea, akaiinamia ile kompyuta kama anayemkagua mgonjwa, akauliza kwa sauti ya kusikika na wote, "Mwanangu, hii imekula nini asubuhi? Mbona haina nguvu ya kuona?" Kicheko kikapasuka hadi wanawake waliokuwa mtoni wakapanda kuuliza kuna nini. "Daraja hili nimelishika kwa mikono yangu. Ungekuja kuniuliza mimi, usingesumbua tipa la watu."

Sikucheka. Masikio yaliniwaka moto. Mwanamke mzima, nina watu kumi chini yangu, nimesimamishwa pale kama yule mkoroga udongo. Nikasema moyoni, haya, tutaona.

Nikakaa juu ya jiwe nikasoma vihisi kimoja kimoja, na sikukaa sana. Vile vya karibu na ukuta vilikuwa vinasema jambo la ajabu. Chini ya mhimili, pale mwishoni, chuma kilikuwa kinabanwa, na kwenye daraja lenye ncha huru hakipaswi kubanwa. Basi ncha zilikuwa zimeshikwa. Nikaingia kwenye kompyuta nikazifunga ncha za daraja langu la humo ndani, nikalitwika lori upya. Namba zikasogeleana. Nikateremka chini, nikapangusa majani, nikaliona zege la mjomba likiwa limejaa hadi mwisho, safi, bila pengo hata la kupitisha uzi. Na ukutani, kutoka juu hadi majini, kulikuwa na ufa. Asubuhi ile ukucha wangu uliingia kwa shida. Saa saba mchana, jua lilipokuwa limekichemsha chuma, niliingiza ufunguo wa gari.

Nikaelewa kila kitu. Chuma kilikuwa kinarefuka kila mchana na hakina pa kwenda, kwa hiyo kilikuwa kinausukuma ukuta. Daraja halikuwa na nguvu hata kidogo. Lilikuwa limejikaza kwenye ukuta, na ukuta ulikuwa unakufa polepole. Siku ukuta ukiachia, lingekwenda lote, na lori, na waliomo.

Nikampigia bosi wangu. Akasikiliza, akasema, "Funga njia, weka mapipa. Wiki ijayo nakuletea watu na mashine wavunje. Kwenye ripoti andika tu kwamba ncha zimeganda. Zinaganda kila mahali kwa kutu, hakuna atakayeuliza."

Huo ulikuwa mlango, tena mpana. Kuyapata mapipa mawili na kusubiri wiki moja, basi, mjomba angekufa na jina lake. Nilimjibu kwamba ukuta hausubiri wiki. Si kweli. Ukuta ulikuwa umesubiri miaka, na bila malori ungesubiri wiki nyingine. Nilichokuwa nacho ni hasira, na hasira yangu ilikuwa na digrii.

Jioni ile nikamwomba mwenyekiti wa kijiji apige mbiu ya msaragambo. Asubuhi walikuja wote na nyundo, sururu na mitarimbo. Nikapanda juu ya jiwe nikawaeleza, na nilieleza vizuri, sikatai. Nikawaonyesha ufa. Mzee mmoja akauliza, "Sasa nani alizibana hizo ncha?" Alikuwa anajua. Wote walikuwa wanajua, walibeba mchanga wenyewe. Ningeweza kusema "sisi sote". Kiswahili hakikuninyima neno.

"Fundi wenu," nikasema. Kisha nikamgeukia. "Mjomba, si wewe uliyenifundisha usipoziba ufa utajenga ukuta? Haya, ufa umeziba. Sasa tutajenga ukuta."

Loo, walicheka! Walicheka wale wale waliokuwa wamenicheka mimi jana, tena zaidi, maana huyu walikuwa wamemwogopa miaka yote. Mwingine alijipiga mapaja. Nami ilikuwa tamu, nisidanganye, ilikuwa tamu kama plamu iliyoivia mtini.

Mjomba hakucheka wala hakukasirika. Aliuliza swali moja. "Nisingeziba, lingekuwaje?"

"Lingegonga tu. Kugonga hakuui daraja."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama fundi anayepewa kipimo. "Kumbe."

Hapo ningeacha. Sikuacha. Nikachukua nyundo kubwa kwa mtu aliyekuwa karibu, nikampelekea. "Anza wewe."

Alivua koti, akalikunja, akaliweka juu ya jiwe, akashuka chini ya daraja. Zege lile lilikuwa zege kwelikweli. Ningependa kusema lilivunjika kwa urahisi, lakini lilikataa. Lilikuwa limechanganywa na mtu aliyeosha mchanga wake. Vijana walipokezana upande wa pili wa mto, ila upande wake yeye hakumpa mtu nyundo. Mzee wa zaidi ya miaka sabini. Kila pigo lilitoa kipande cha kiasi cha ngumi, na kila kipande alikitazama kabla hakijaanguka majini. Dereva Mbondei alinisogelea, na safari hii hakuwa na mzaha.

"Dada, imetosha. Mwite apande."

"Wewe shika tipa lako," nikamjibu.

Ilipita adhuhuri ndipo likatoka pande la mwisho. Daraja likatoa mlio mrefu, kama mlango wa stoo, likatulia mahali pake. Tukabandika upya vihisi vilivyong'oka. Nikaamuru nusu ya kokoto ishushwe, maana sasa nilikuwa naogopa kweli. Tipa likaingia na nusu ya mzigo. Nikasoma. Likatoka, likajazwa kwa mabeseni, likaingia tena polepole hadi katikati.

Namba zikaja juu ya mstari. Sijui nikuelezeje wewe usiyefanya kazi hii. Kule kwenye kompyuta kuna mstari uliouchora kwa kufikiri tu, na hapa kuna chuma chenye kutu juu ya mto, na nukta zinadondoka moja baada ya nyingine juu ya mstari ule ule, bila hata moja kukosea njia. Nikapiga kelele. "Imekaa! Imekaa!" Nikamkumbatia mwenzangu wa vipimo, nikaruka naye. Kisha nikakimbia alipokuwa mjomba, nikamshika mkono, nikamvuta hadi kwenye skrini. "Ona, mjomba! Mstari na mstari! Ilikuwa kweli!"

Alikuwa na vumbi la saruji hadi kwenye kope. Mkono nilioushika ulikuwa umechubuka kwa nyundo. Aliangalia mahali nilipomwonyesha, akaangalia kwa makini, kwa sababu ni mtu wa kuheshimu kazi.

"Hongera, mwanangu," akasema.

Mama mmoja mwenye beseni kichwani ndiye aliyeuliza kile ambacho mimi nilikuwa nimekisahau katika furaha yangu. "Kwa hiyo malori?"

Kompyuta ilikuwa imesema kweli, na kama ilisema kweli, mihimili ilikuwa imeliwa.

"Hayapiti," nikasema. "Magari madogo tu."

Hakuna aliyecheka tena. Waliangalia mashamba yao kule juu, kabichi zikiwa zimefunga tayari kwa kuvunwa, kisha wakamwangalia mjomba. Hawakuniangalia mimi. Mimi nilikuwa serikali, na serikali unaitukana pembeni. Fundi anatukanika usoni.

Kibao kiliwekwa wiki hiyo hiyo. Malori yakawa yanaishia ng'ambo, na kila kiroba cha kabichi kikawa kinavuka kichwani au begani mwa mtu. Kijijini wakaamua kwamba daraja lilikuwa zima mpaka fundi alipoliharibu. Ujinga mtupu! Kutu haikuletwa na zege. Zege liliificha tu, na liliutesa ukuta, lakini hata lisingekuwepo malori yasingepita. Niliandika hayo katika kurasa mbili, nikampelekea mwenyekiti ayasome kwenye mkutano. Aliyabandika kwenye ubao wa ofisi ya kijiji, yakanyeshewa. Maneno yangu ya juu ya jiwe, yale ya ufa na ukuta, hayakuhitaji ubao. Watoto wa shule waliyaimba wakivuka.

Mke wa mjomba alinipigia simu mara moja. Alisema kulikuwa na msiba, na mjomba alikwenda makaburini na mwiko wake kama alivyokwenda misiba yote ya maisha yake. Akainama kuanza kazi. Mtu akasema, "Mwangalieni asije akambana marehemu, ataupasua mlima." Watu wakacheka, kwenye msiba! Wafiwa wakaona haya, lakini hawakumkemea aliyesema. Wakamleta muashi kutoka Soni. Mjomba akaufuta mwiko kwa nyasi, akarudi nyumbani, na tangu hapo hajaitwa tena mahali popote.

"Watasahau hao," nikamwambia.

"Wewe umesahau walichokufanyia?" akaniuliza. Akasema salio linakwisha, akakata.

Sikwenda. Nilikuwa na madaraja mengine, na kwenye mikutano ya kazi bosi alikuwa akilitaja hili kama mfano: hivi ndivyo vipimo na kompyuta vinavyosemeshana. Nilisifiwa. Mara mbili nilinyanyua simu nimpigie mjomba, nikaangalia jina lake, nikairudisha mfukoni. Ningemwambia nini? Samahani inataka mtu aseme amefanya nini, na mimi niliogopa kujisikia nikisema.

Masika yalipokwisha ilinibidi nirudi kuupima ule ufa. Nilipiga magoti mwisho wa daraja, kompyuta pajani, waya umening'inia ukutani, mgongo nimewapa wapitao. Walikuwa wanapita wengi, wana viroba. Vijana na wasichana waliniamkia nami nikawaitikia bila kugeuka, kama ninavyowaitikia kutwa kule ofisini. Ufa ulikuwa umetulia. Ukuta ungepona. Nilikuwa naandika namba hiyo, nimefurahi.

"Shikamoo," mtu akasema nyuma yangu.

"Marahaba," nikajibu, macho kwenye skrini. "Hujambo?"

Nyayo zake hazikuendelea, nikageuka. Mjomba wangu alikuwa amesimama na kiroba cha kabichi begani, kofia ameivua ameishika mkononi, akingoja kama anavyongoja kijana aliyeulizwa hali na mkubwa wake.

"Sijambo, mama," akasema, akavaa kofia yake, akavuka na mzigo wa watu.